Nilichimba shimo kabla ya kuuliza

Binti aliyekuja kunikagua nilimfundisha mimi mwenyewe kuzalisha. Alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi mikono ilikuwa ikimtetemeka hata kushika mkasi wa kitovu, nikawa namwambia, "Taratibu mwanangu, mtoto hakimbii." Siku hiyo alishuka kwenye gari la halmashauri, akanipa shikamoo akiwa ameinama kidogo, kisha akaibana fomu kifuani na kuanza kuzunguka jengo la zahanati yangu. Nyuma ya jengo akasimama. Akakitazama kisima, akalitazama shimo la kondo, la kutupia kondo za nyuma za wazazi, akaanza kutembea kutoka kimoja kwenda kingine huku midomo ikihesabu.

"Mama," akasema, "ni hatua kumi na nane."

Sikuwa na la kujibu. Nimekuwa mkunga kwa miaka 31, na sita ya mwisho nilikuwa mratibu wa huduma za mama na mtoto wa wilaya. Fomu aliyoishika nimeijaza mara nyingi kwa mkono wangu, kwenye zahanati za watu wengine. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua kwamba shimo la kondo halichimbwi jirani na kisima, ni mimi. Lakini fundi aliniambia pale udongo ni laini, kazi ingekwisha siku mbili, nami nilikuwa na haraka ya kuona jambo langu likisimama. Nikasema chimba.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi hunipigia mtu, mara mstaafu mwenzangu, mara tabibu kijana anayetaka kurudi kwao, akiuliza usajili wa zahanati binafsi unachukua muda gani. Wote huanza na swali hilohilo, na karibu wote wameshaanza kujenga.

Nilistaafu Oktoba 2022 nikiwa na miaka 60. Kikokotoo kipya cha pensheni, cha kumlipa mstaafu asilimia 33 kwa mkupuo, kilikuwa kimeanza Julai ya mwaka huohuo, kwa hiyo mkupuo wangu ukaja shilingi milioni 41. Wenzangu walilalamika, nami nililalamika pamoja nao, ila ndizo nilizokuwa nazo. Kijiji nilichoolewa kiko Mkoa wa Tabora, ndani kabisa kwenye misitu ya miombo, kwa wakulima wa tumbaku na warina asali. Zahanati iliyo karibu ni kilomita 19. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulisema kila kijiji kipate zahanati, na wanakijiji wangu hawakukaa mikono mitupu: walichoma tofali, wakachanga, wakainua boma mpaka usawa wa lenta. Hapo likasimama likingoja umaliziaji, na ndani yake ukaota mwembe. Wanawake waliendelea kubebwa kwa pikipiki usiku. Ndiyo sababu niliamua kujenga ya kwangu.

Kiwanja nilikinunua milioni moja na nusu. Hapo kwenye ardhi ndipo peke yake nilipofanya mambo sawasawa tangu mwanzo: nilipeleka maombi kwenye halmashauri ya kijiji, yakaingia mkutano mkuu, nikapata muhtasari wenye mihuri na sahihi za mwenyekiti na mtendaji. Karatasi ile imeniokoa mara mbili baadaye. Mwenye kiwanja cha kupewa kwa mdomo na shemeji yake, aanzie hapo kwanza.

Kisha Mei 2023 nikamwita fundi. Ramani niliichora mwenyewe kwenye daftari la shule. Nilikuwa na jengo kichwani: mapokezi, chumba cha tabibu, chumba cha sindano na vidonda, dirisha la dawa, maabara ndogo, chumba cha kujifungulia, chumba cha mapumziko chenye vitanda viwili. Vyumba vyote vilikuwemo. Nilichokosa ni kumwonyesha daftari hilo mtu yeyote aliye na mamlaka ya kusema hapana. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya naijua milango yake yote, nilikunywa chai humo miaka sita. Sikwenda. Niliona aibu kwenda kuuliza vitu nilivyokuwa nikifundisha wengine, na nadhani pia kulikuwa na kiburi: nilitaka waje wakute limekwisha, wapige makofi.

Walikuja Novemba 2023. Timu ya watu wanne: afisa afya, mfamasia, mtu wa maabara, na yule binti. Hawakupiga makofi.

Mbali na shimo, milango minne ilikuwa myembamba, kitanda cha magurudumu hakipiti bila kukiinamisha, na mjamzito mwenye kifafa cha mimba hainamishwi. Mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa unatazamana na benchi la wanaosubiri, kwa hiyo kila ulipofunguliwa mama angeonekana na mtaa mzima. Vyoo vilikuwa viwili, wagonjwa na watumishi wote humohumo. Mbele kulikuwa na ngazi tatu nzuri za saruji, na hakuna mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu. Kichomea taka sikuwa nacho kabisa, nilikuwa nimechimba shimo la kuchomea tu kama la nyumbani. Halafu bango. Fundi wa mabango alikuwa ameniandikia KITUO CHA AFYA kwa herufi nyekundu, akidhani ananipendezesha. Afisa afya akaniuliza kwa upole kama ninaomba kusajili zahanati au kituo cha afya. Nikasema zahanati. Akasema, "Basi mama, bango linasema uongo." Zahanati, kituo cha afya na hospitali ni ngazi tatu tofauti, kila moja ina majengo yake, watumishi wake na huduma zake. Huwezi kujipandisha kwa rangi.

Baadaye nilikaa na yule binti kivulini. Nilimwambia, na leo naona haya kulikumbuka neno hilo, "Mwanangu, hilo la shimo tungeliacha kwa sasa, nitalihamisha kiangazi." Aliinamisha kichwa. Akasema, "Mama, nisamehe sana. Wewe ndiye uliyenifundisha nisiandike nisichokiona." Akaandika alichokiona. Usiku ule nililia, kisha nikaona fahari kidogo, kisha nikakumbuka gharama nikalia tena.

Wiki moja baadaye mvua zikaanza. Kwetu masika ni Novemba mpaka Aprili, na kuna korongo moja ambalo likijaa hata trekta husubiri. Kwa hiyo taarifa yangu ya ukaguzi iliyosema "arekebishe, akaguliwe tena" ilimaanisha miezi saba. Hili watu wa vijijini wasilidharau. Ukiishi kwenye barabara ya udongo, kalenda ya usajili wako inapangwa na mvua kuliko ofisi yoyote. Omba ukaguzi wa kwanza Juni au Julai, ili ukikataliwa upate muda wa kurekebisha na kukaguliwa tena kabla njia haijafungwa.

Marekebisho yaligharimu milioni saba na laki sita. Shimo jipya la kondo, upande wa chini wa mteremko mbali na kisima, milioni 1.3. Kichomea taka chenye shimo lake la majivu, milioni 2.4. Kuvunja na kupanua milango, kugeuza mlango wa kujifungulia uelekee korido ya nyuma, na kumwaga zege la mteremko, milioni 1.9. Vyoo vipya, milioni mbili. Kama ningechora sawa tangu mwanzo, milango mipana ingeniongezea labda laki moja na nusu. Tofali haliongezeki bei ukilipanga mahali pake. Linakula pesa siku ya kulivunja.

Juu ya kichomea taka nina neno. Wengi hukichukulia kama pambo la kumridhisha mkaguzi. Kaa nacho mwaka mmoja ndipo utakielewa. Ndoo zako tatu za rangi, nyeusi ya taka za kawaida, njano ya zenye maambukizi, nyekundu ya zenye maambukizi makali, pamoja na boksi la sindano, haziishii kwenye korido. Lazima ziwe na pa kwenda. Nami nilikijenga cha kwanza upande ambao upepo wa kiangazi hutokea, moshi wote ukaingia chumba cha mapumziko. Ikabidi bomba liongezwe urefu. Simama kwenye kiwanja chako asubuhi na jioni, kwa siku chache, ushike vumbi mkononi ulirushe. Ni kipimo cha bure.

Nilipokuwa nasubiri mvua ziishe nikaanza kutafuta mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa tiba wa zahanati, na hapa nilikaribia kosa baya kuliko yote. Mimi ni muuguzi mkunga. Kumiliki zahanati naruhusiwa, lakini siwezi kuwa mfawidhi wake. Anatakiwa tabibu au daktari mwenye usajili na leseni hai ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Karatasi yote ya usajili inamzunguka mtu huyo: vyeti vyake, leseni yake, mkataba wako na yeye. Akatokea mtu mmoja mjini, mwenye heshima zake, akaniambia, "Mama, usihangaike. Tumia vyeti vyangu, nipe laki mbili na nusu kila mwezi. Mimi nitakuwa kwenye karatasi, wewe utakuwa kazini." Kukodisha cheti ndiko huko. Ni jambo la kawaida kuliko tunavyokubali kusema hadharani.

Nililala nalo siku mbili. Laki mbili na nusu ni nafuu kuliko mshahara wa tabibu. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya kazini: niliwahi kwenda kufuatilia kifo cha mama mahali ambapo jina lililoning'inia ukutani lilikuwa la mtu aliyekuwa mkoa mwingine kabisa. Aliyekuwepo zamu siku hiyo hakuwa na cheti chochote. Nilimrudishia yule bwana simu, nikamshukuru, nikakataa.

Nikampata kijana, tabibu mwenye stashahada, mpole, anayejua kazi. Nikamwajiri Aprili 2024 kwa laki sita kwa mwezi. Sikuangalia tarehe ya leseni yake. Nilitazama cheti, nikatazama picha, nikatazama mhuri, nikaridhika. Leseni ilikuwa imeisha muda, na ili aihuishe alihitaji kukamilisha pointi za mafunzo endelevu. Hilo nilikuja kuligundua faili limeshakwama. Kila siku nilikuwa nikigeuza kopo la dawa kutazama tarehe ya kuisha, na karatasi ya mtu sikuigeuza.

Ukaguzi wa pili, Juni 2024, tulipita. Faili likatoka wilayani kwenda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, ambako nako huangaliwa kabla ya kupelekwa wizarani Dodoma. Huo ndio mkondo wa zahanati binafsi. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kibiashara, zikabaki zile za madhehebu ya dini na mashirika yaliyoidhinishwa. Mwaka 1991, mwaka niliouanza kazi, ikarekebishwa na wataalamu wakaruhusiwa kufungua vituo vyao kwa idhini. Huwa nawakumbusha vijana wanaonung'unika kuhusu fomu: wakubwa wetu hawakuwa na hata fomu ya kunung'unikia.

Julai ikapita kimya. Agosti nikapanda basi mpaka Dodoma, peke yangu, na chupa ya chai na bahasha ya nakala. Kwenye steshenari moja nilikokwenda kutoa nakala, kijana nadhifu akanisikia nikilalamika. Akaniita mama, akanivutia kiti. Akasema anawafahamu watu wa mezani, faili langu angelitoa kwa wiki moja, laki nane. Nikampunguza, nikampa laki nne kwanza. Kishoka, dalali wa uongo. Jioni simu yake ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Nilikuwa nimevuka miaka 60, na nywele nyeupe.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa mlango wa mbele, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Dada wa mapokezi akatafuta, akaniambia faili langu halijafika Dodoma. Halijawahi kufika. Lilikuwa bado mkoani, Tabora, nilikotoka, limewekewa alama kwa sababu ya leseni ya tabibu wangu iliyoisha muda. Barua ya kunijulisha ilitumwa kwa anwani ya posta niliyoiandika kwenye fomu, sanduku la shule ambalo hufunguliwa mwalimu mkuu anapokwenda mjini.

Kwa hiyo, mwenzangu, andika namba ya simu inayopatikana, ya kwako na ya mtu mwingine anayekaa penye mtandao wa simu. Weka daftari dogo: tarehe faili lilipotoka, aliyelipokea, ofisi gani. Uliza hatua kwa hatua, wilaya kwanza, mkoa, ndipo wizara. Malipo yote ya serikali hutoka na namba yake ya kumbukumbu, unalipa benki au kwa simu, unapata risiti yenye jina lako. Pesa yoyote inayoombwa bila namba hiyo si ada. Ada zenyewe, nilipozijumlisha, zilikuwa ndogo kuliko nilizompa kishoka pamoja na nauli za kumtafuta.

Cheti cha usajili nikakipokea Oktoba 2024. Tukafungua Novemba, miaka miwili na mwezi mmoja tangu nistaafu. Mwenyekiti wa kijiji alichinja mbuzi. Siku ya tatu tukazalisha mtoto wa kike, ambaye baba yake alitaka kumwita Leseni, mama yake akakataa, nami nikamuunga mkono mama.

Nilidhani mambo yamekwisha. Maabara nilikuwa nimeiandaa vizuri, meza ya vigae, sinki, hadubini ya milioni moja. Mtu wa maabara wa wilaya akanikumbusha jambo ambalo alilisema tangu Novemba ile ya kwanza, nami sikulisikia kwa sababu nilikuwa naomboleza milango: maabara binafsi ina bodi yake, Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na usajili wake. Cheti cha zahanati hakiifuniki. Miezi minne hadubini ilikaa imefunikwa kanga. Dawa nazo zina macho ya Baraza la Famasi na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wauguzi wana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Jengo linatazamwa na Zimamoto, mahali pa kazi na OSHA, mapato na TRA, jina la biashara na BRELA. Mtu aliyekuja kuniuzia mashine ya eksirei iliyotumika hakunitajia Tume ya Nguvu za Atomiki hata mara moja, na mashine ya mionzi haiguswi bila kibali chake. Nilimpa maji ya kunywa nikamuaga. Unapoanza, nenda kwa Mganga Mkuu na swali moja tu: "Naomba uniandikie ofisi zote zitakazokuja kunigusa." Kaa hapo mpaka orodha iishe.

Nisiwafiche hesabu. Kiwanja na jengo milioni 28.5. Vitanda, vifaa, tanki la maji, sola na dawa za kuanzia, milioni nane. Marekebisho 7.6. Kishoka laki nne. Nauli, nakala, wakili wa kuthibitisha vyeti na ada mbalimbali, milioni 1.1. Mshahara wa tabibu kwa miezi mitano niliyomlipa mfululizo hajaona mgonjwa, milioni tatu; baada ya hapo aliomba aende kwao angoje cheti huko, Mungu ambariki. Jumla 48.6. Mkupuo ulikuwa 41. Ng'ombe sita waliuzwa, mwanangu wa Mwanza akanitumia milioni tatu, na laki nne za mwisho ni mkopo wa VICOBA ambao wanawake wenzangu walinidai kwa adabu. Na mapato? Wakulima wa tumbaku hulipa msimu wa mauzo. Kuanzia Desemba mpaka Mei daftari la madeni ni nene kuliko kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, ule mfumo wa taarifa za afya. Anayetegemea bima ajue kwamba mkataba wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ni safari nyingine inayoanza baada ya usajili, na sehemu kubwa ya wagonjwa wa kijijini hawana kadi.

Kisha katikati ya mwaka 2025 tabibu wangu akapata ajira serikalini. Alikuja kuniambia huku anatazama chini. Nilimpongeza kwa dhati. Ningekuwa mama yake ningepiga vigelegele. Lakini mkataba niliomwandikia ulikuwa na ukurasa mmoja, hauna kipengele cha notisi, na kituo chake kipya kilimtaka ndani ya siku 14. Zahanati bila mganga mfawidhi ni jengo tu. Niliandika barua kwa Mganga Mkuu siku ileile, nikaning'iniza tangazo mlangoni, nikafunga. Siku 11.

Siku ya sita, saa nane usiku, mlango wa nyumbani kwangu ukagongwa. Mkulima mmoja na pikipiki, mkewe katikati, dereva mbele. Uzazi wa tano. Nilimpapasa hapohapo barazani, kichwa kilikuwa kimeshashuka. Kilomita 19 hazikuwezekana. Leseni yangu ya ukunga ilikuwa hai, hilo nashukuru nilikuwa nimelilinda hata baada ya kustaafu. Nikafungua chumba cha kujifungulia, nikawasha taa za sola, mtoto akaja baada ya dakika kumi na tano. Damu ilitulia. Saa kumi alfajiri nikampigia simu Mganga Mkuu, nikamwambia nimezalisha kwenye jengo lililofungwa.

Akakaa kimya kidogo. "Umeandika, mama?"

"Nimeandika kila kitu."

"Mama na mtoto wako salama?"

"Salama."

"Basi wapeleke kituoni asubuhi waangaliwe. Na mimi nitumie barua."

Nilituma barua. Mfawidhi mpya alipatikana, dada kutoka Kigoma, na mkataba wake una kurasa nne: notisi ya miezi mitatu, na jina la tabibu wa akiba anayekubali kushika zamu kwa dharura. Leseni yake niliigeuza nyuma na mbele kabla sijamkaribisha uji.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kijiji cha pili, mfugaji, amenikuta zahanati. Mwanawe anamaliza chuo cha utabibu, anataka kumjengea. Nikamuuliza kama ameshaanza. Akacheka akasema bado kabisa, amefunga kamba za msingi tu. Tulikwenda pamoja kuona. Vigingi vilikuwa vimenyooka vizuri, kamba za katani mpya, na pembeni tayari wamechimba kisima. Nikamuuliza shimo la kondo litakaa wapi. Akanyoosha kidole. Nikaanza kutembea kutoka kisimani, nikihesabu kwa sauti ili asikie, naye akaanza kunifuata nyuma. Tulifika kumi na mbili.

Alisema atakwenda wilayani Jumatatu kumwomba Mganga Mkuu amtume mtu aje kuangalia kiwanja. Jumatatu hiyo alikwenda kweli, nilimwona stendi. Kamba bado ziko pale kwenye vigingi, mbuzi wake wameanza kuzitafuna.